Jeki moja ipokee geti na CV, lakini Pico zinaungua. Nailindaje?

chalii_wa_masafa · Arusha

Heshima kwenu wakuu.

Tuna sintesaiza ya kujitengenezea kwenye kastudio ketu huku Njiro, na inatumiwa na watu wengi kwa zamu. Ubongo wake ni Raspberry Pi Pico, kikompyuta cha bodi moja. Kava la mbele ni dogo, na Pico yenyewe imetoa nje pini tatu tu za ADC (zinazogeuza volti kuwa namba), GP26 hadi GP28. Kwa hiyo tuliamua ziwe jeki tatu za kuingizia, na kila jeki ipokee chochote: geti, triga au mapigo ya saa kutoka mashine nyingine, na pia CV, yaani zile volti zinazopanda na kushuka kuchagua noti au kufungua filta. Programu ndiyo inaamua jeki ipi isomwe kidijitali na ipi kianalogi.

Shida ni kwamba kila mtu anakuja na chake. Mmoja ana Korg Volca inayotoa mapigo ya 5 V. Mwingine ana moduli za Eurorack, sintesaiza ya vipande vipande, zinazokula ±12 V. Kuna jamaa kabandika kidude cha piezo (kinachotoa volti kikigongwa) kwenye ngoma. Na wapo wanaochomeka laptop. Pini za ADC zinakufa moja baada ya nyingine.

Ulinzi uliopo sasa: jeki, resista ya 1k, halafu dayodi mbili za BAT85, moja kwenda 3.3 V na nyingine kwenda graundi, kisha pini. Na kuna kioja kingine: ukizima mashine huku kebo ya Eurorack bado imechomekwa, taa ndogo niliyoweka kwenye 3.3 V inaendelea kuwaka kwa mbali.

Wajuzi njooni.

nipo_paleee

Nimevuta kigoda. Hata mimi nataka kujua.

mangi_volti · Moshi

Zena (dayodi ya kukata volti) ya 3.3 V kila jeki, resista 10k, biashara imeisha. Mbona mnajisumbua.

binti_lehemu · Arusha

Mangi, zena ya 3.3 V haina tabia ya zena ya 12 V. Hiyo 3.3 iliyoandikwa imepimwa ikipitisha 5 mA. Kwa resista ya 10k utaipa sehemu ndogo sana ya hiyo, na itaanza kunywa umeme ikiwa bado kwenye volti mbili hivi. Geti litapita vizuri tu, wala hutagundua. Ila ukiweka CV, noti zote za juu zitarundikana sehemu moja.

Halafu upande wa hasi zena ni dayodi ya kawaida tu, itaruhusu mpaka −0.7 V. RP2040, chipu ya Pico, mwisho wake ni 0.5 V chini ya graundi, au 0.5 V juu ya 3.3.

mzee_redio · Moshi

Kijana, hiyo taa ndiyo inakutajia ugonjwa. Isikilize.

12 V ikiingia kwenye 1k, dayodi inaisukuma 8 mA hivi kuingia kwenye laini ya 3.3. Watu watatu wakichomeka pamoja ni 24 mA na zaidi. Regyuleta ya Pico ni kama pampu inayojaza tenki lisilo na bomba la kupunguzia: inajua kutoa tu, haijui kupokea. Pico ikiwa kazini inakula mA ishirini na kitu, kwa hiyo wakati mwingine unapona. Ikiwa inakula kidogo, laini inapanda juu ya 3.3 na kila kilichofungwa pale kinapanda nayo. Ukizima kabisa, Eurorack ya mwenzako ndiyo inayolisha mashine yako kupitia pini. Taa inawaka, na chipu nayo iko nusu hai, nusu mfu.

Sasa nijibu hili: hizo laptop chaja zake ni za pini mbili? Na soketi za hapo zina ethi?

chalii_wa_masafa · Arusha

Shikamoo mzee. Nyingi ni pini mbili. Ukipitisha kidole kwenye kava la chuma la laptop unasikia vile vichomi. Soketi zina tundu la tatu, ila sijawahi kuona waya wowote unaoingia ardhini.

mzee_redio · Moshi

Marahaba. Basi mwuaji mmoja huyo hapo.

Ndani ya chaja kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa laptop, kazi yake ni kupunguza kelele. Bila ethi, chuma cha laptop kinaelea karibu na nusu ya 230 V. Mkondo wenyewe ni mdogo sana, ndiyo maana unasikia vichomi tu na hufi. Lakini angalia plagi ya jeki inavyoingia: ukichomeka kebo upande wa laptop, ncha inagusa kwanza chuma cha graundi cha jeki ya laptop, graundi ya plagi inafuata baadaye. Katika kile kitambo, volti zote zinazoelea zinatafuta njia kupitia ncha, yaani kupitia pini yako ya ADC. Kilele cha 115 V za AC ni kama 160 V. Kwenye 1k hiyo ni 160 mA kwa kufumba na kufumbua. BAT85 ikibebeshwa kiasi hicho haishikilii tena 0.3 V, inafika karibu volti nzima, na pini imeshapita mpaka wake.

Kabla ya saketi yoyote, funga waya wa graundi wa kudumu kati ya mashine yenu, miksa na meza ya laptop, uwe umeshikana muda wote. Na mtafute fundi umeme achimbie fimbo ya ethi. Hilo ni la usalama wa watu, sintesaiza ni ziada.

binti_lehemu · Arusha

Nakubaliana na mzee, na nadhani dawa ya saketi ni kuacha kabisa wazo la kukamata volti zikiwa zimefika mlangoni mwa Pico. Weka opampu (chipu ya kukuza ishara) katikati, ilishwe 3.3 V ileile ya Pico. Opampu ya namna hiyo haiwezi kutoa zaidi ya 3.3 wala chini ya 0 hata ikitaka. Pini ya Pico inaongea na opampu tu, haikutani na dunia ya nje.

Natumia MCP6002. Ndani zimo mbili, inafanya kazi kuanzia 1.8 V mpaka 6 V, na pato lake linafika karibu kabisa na mipaka yote miwili, 0 na 3.3. Mpangilio wa kugeuza ishara:

Jeki → 100k → pini ya kugeuza ya opampu (yenye alama −). Kutoka pato kurudi pini hiyohiyo: 27k, na sambamba nayo kapasita ya 1 nF. Pini isiyogeuza (yenye alama +): kigawanyo cha 18k kutoka 3.3 V na 12k kwenda graundi, kinachotoa 1.32 V. Pato → 1k → pini ya ADC.

Hesabu yake: kila volti moja ya jeki inakuwa 0.27 V iliyogeuzwa. Jeki ikiwa 0 V, pato ni 1.68 V. Ukiweka +5 V linashuka mpaka 0.33, ukiweka −5 V linapanda mpaka 3.03. Umepata ±5 V yote na nafasi inabaki pande zote mbili. Kugeuka unakurekebisha kwenye programu kwa alama moja ya kutoa.

Utamu uko hapa. Mtu akichomeka +12 V, pato linagota 0 na ile pini ya kugeuza inapanda mpaka 2.55 V, bado ndani ya 3.3. Akichomeka −12 V, pato linagota 3.3 na pini inabaki 0.05 V. Yaani Eurorack ikosee itakavyo, hakuna dayodi hata moja itakayolazimika kufanya kazi. Mashine ikiwa imezimwa, kila jeki inaweza kuingiza 0.11 mA tu. Zote tatu hazifiki hata 0.4 mA, na laini ya 3.3 haiendi popote pa maana.

Kwa zile 160 V za mzee: gawanya kwa 100k, ni 1.6 mA. Kikomo cha pini ya kuingilia ya MCP6002 ni 2 mA. Tunapita, ila kwa kubana, kwa hiyo ongeza dayodi mbili za 1N4148 kwenye pini ya kugeuza, moja kwenda 3.3 na moja kutoka graundi. Usiweke BAT85 hapo. Ni dayodi ya Schottky, na hizo zinavuja zaidi, na uvujaji unaongezeka kukiwa na joto. Mikroampia moja tu ikipita kwenye 27k ni 27 mV kwenye pato, sawa na 100 mV kwenye jeki. Nusu toni nzima kwa mfumo wa volti moja kwa oktavu ni 83 mV. Utaimba kwa ufunguo wa jirani.

Resista ya 100k iwe ile ya kawaida ya robo wati, inavumilia 250 V. Zile ndogo za kubandika za 0603 mara nyingi mwisho wake ni 75 V. Watu wanasahau kwamba hata resista ina kikomo cha volti.

mangi_volti · Moshi

Sawa dada, nimeinua mikono kuhusu zena. Lakini MCP6002 kwenye maduka ya spea za redio huku kwetu hutaipata. Opampu ya LM358 iko kila kona. Vipi?

binti_lehemu · Arusha

LM358 haifiki juu, pato lake linaishia kama 1.5 V chini ya umeme unaoilisha. Ukiilisha 3.3 utapata 1.8 tu. Ukiilisha 12 V kama wengi wanavyofanya, inaweza kutoa zaidi ya 10 V na umeua Pico kwa mkono wako mwenyewe. Ukiilisha 5 V kutoka pini ya VBUS (umeme wa USB), pato linaishia karibu 3.5 na kidogo, na ile 1k ya kwenda ADC inatosha kulinda. Vigawanyo vibaki kwenye 3.3 V. Kwa geti na kufungua filta inatosha kabisa. Kwa noti agiza MCP6002 Dar, Kariakoo, kifurushi kinakuja na basi.

mwanafunzi_saketi · Arusha

Nina swali. Geti la haraka likisomwa kwa ADC si tunaweza kulikosa? Mimi ningetoa tawi hapohapo kwenye jeki: 100k nyingine kwenda besi ya transista ya BC547, dayodi ya kinyume kati ya besi na emita kwa sababu ya hasi, kolekta kwenda pini ya kawaida ya Pico. Pini inapata intarapti safi, yaani inaishtua programu papo hapo.

binti_lehemu · Arusha

Mdogo wangu, hiyo dayodi ya kinyume umeikumbuka vizuri, wengi wanaiacha na besi-emita ya BC547 kikomo chake kwa kinyume ni 6 V. Kama jeki ingekuwa ya geti pekee, ningekuambia jenga.

Ila jeki hii ni ya pamoja. Moduli nyingi za Eurorack zina 1k kwenye pato. Mzigo wa 100k yangu unashusha volti kwa asilimia moja, lakini unashusha sawasawa kila mahali, programu inasahihisha. BC547 yako haichukui kitu mpaka 0.6 V, halafu kuanzia hapo inaanza kunywa. Kwenye 5 V inakunywa 44 µA zaidi, na juu ya 1k hiyo ni 44 mV, zaidi ya robo toni. Mstari wako wa noti umekunjika kwenye 0.6 V. Utatuni kinanda chini, juu kinapotea. Utatuni juu, chini kinapotea. Utatafuta kosa kwenye programu mpaka uchoke.

Tawi la dijitali litoke baada ya opampu. Ile nusu ya pili ya MCP6002 imekaa bure, ifanye kilinganishi (cha kulinganisha volti mbili): pato la opampu ya kwanza liingie pini yake ya kugeuza, na pini nyingine ipate 1.32 V. Kwa kuwa ishara imegeuzwa mara mbili, geti juu ni pini juu. Ongeza 330k kutoka pato la kilinganishi kurudi pini isiyogeuza ili kisitetemeke mpakani. Kitawaka jeki ikivuka 1.42 V na kuzima ikishuka chini ya 1.16 V. Inachukua maikrosekunde chache kugeuka, geti halijali.

mangi_volti · Moshi

1.32 V si tayari tunayo kwenye opampu ya kwanza? Tumia kigawanyo kilekile, okoa resista mbili kila jeki. Jeki tatu, resista sita. Mchaga hatupi hela.

mzee_redio · Moshi

Mangi, hizo resista sita zitakugharimu. Ile 330k inakisukuma kigawanyo kwa 70 mV kila geti linapogeuka. Kikiwa cha kilinganishi peke yake, ndiyo kazi yake. Kikiwa cha wote wawili, opampu ya kwanza inaiona hiyo 70 na kuikuza mara 1.27, pato lake linaruka 90 mV. Kwenye jeki hiyo ni kama 0.33 V, nusu toni nne.

Na si kuruka tu. Kizingiti kimepanda 70, ishara imepanda 90, kwa hiyo kilinganishi kinaona ishara imerudi upande wa pili, kinageuka tena, kigawanyo kinashuka, kinageuka tena. CV ikipita taratibu karibu na 1.4 V umejitengenezea king'ora. Kila mmoja awe na kigawanyo chake.

mangi_volti · Moshi

Mzee umenimaliza. Nanunua resista.

mpiga_ngoma_ar

Mimi ndiye wa piezo 😄 Nikipiga ngoma kwa nguvu nimewahi kusikia kinatoa makumi ya volti. Hiyo saketi itanivumilia?

binti_lehemu · Arusha

Itakuvumilia, 100k inameza hiyo. Kidude cha piezo ni kama kapasita ya 20 nF hivi, na 100k itakula kila kitu kilicho chini ya 80 Hz. Kwa triga ni faida, mtetemo wa sakafu hautakusumbua. Ila kinalia huku na huku baada ya pigo moja, kwa hiyo programu ipuuze kila kitu kwa milisekunde 30 baada ya triga ya kwanza, la sivyo pigo moja litahesabiwa manne.

nipo_paleee

Na MIDI ipite jeki hiyohiyo?

mzee_redio · Moshi

Hapana. MIDI, lugha ya vyombo vya muziki vya kielektroniki, tangu 1983 ni mzunguko wa mkondo, 5 mA zinawasha taa ndani ya optokapla (chipu inayopitisha ishara kwa mwanga), biti 31,250 kwa sekunde. Ukiipitisha kwenye 100k hakuna mkondo, hakuna taa. Ipe jeki yake na optokapla yake ya 6N138. Kwanza optokapla inatenganisha graundi, kwa hiyo MIDI yenyewe ndiyo salama kuliko zote hizi.

chalii_wa_masafa · Arusha

Nimejenga jeki moja kwenye bredibodi kwa vipimo vya dada. Nijaribuje bila kuhatarisha Pico?

binti_lehemu · Arusha

Chomoa Pico kabisa, 3.3 V itoke kwenye regyuleta nyingine. Chukua betri mbili za 9 V, ziunge mfululizo, kati yake ndiyo graundi. Potenshiometa ya 10k katikati ya ncha mbili, mkono wake uende jeki. Mita iwe kwenye pato la opampu. Zungusha kutoka −9 mpaka +9. Mita isivuke 3.3 wala kwenda hasi. Halafu tafuta 0, +5 na −5 uone kama unapata 1.68, 0.33 na 3.03. Resista za asilimia tano zitakusogeza kidogo, si tatizo.

chalii_wa_masafa · Arusha

Nimerudi wakuu. 1.70, 0.36, 3.05. Kwenye ±9 mita haitoki nje ya 0 na 3.3. Nimerudisha Pico, nimechomeka Eurorack, nimezima: taa imezimika kabisa. Geti la Volca linasomeka bila kukosa pigo. Waya wa graundi kati ya miksa na mashine nimeufunga kwa bolti, na mwenye nyumba amekubali fundi aje kwa ajili ya ethi.

Kitu kimoja: noti ziko sawa karibu kote, lakini kuna sehemu chache kwenye kinanda noti inayumba kidogo, na ni sehemu zilezile siku zote.

binti_lehemu · Arusha

Hiyo si saketi yako. ADC ya RP2040 ina kasoro inayojulikana, inajikwaa kwenye namba 512, 1536, 2560 na 3584. Kwa vipimo hivi nusu toni moja ni hatua 28 za ADC, kwa hiyo hatua chache zikimezwa hapo, sikio linasikia. Chapisha namba ghafi uone kama zinaangukia humo. Ukitaka kumaliza, weka ADC ya nje, MCP3208, kwa jeki ya noti, nayo ilishwe 3.3 V. Za geti na filta ziache zilivyo.

chalii_wa_masafa · Arusha

Nimechapisha. Inayumba ikikaribia 1536 na 2560, kama ulivyosema. Naagiza MCP3208 pamoja na opampu za jeki mbili zilizobaki.

Swali la mwisho: jeki za kutoa nazo zinahitaji haya yote? Juzi mtu kachomeka pato kwa pato.

mzee_redio · Moshi

Jeki za kutoa weka opampu kisha 1k mbele yake, basi. Pato kwa pato zenye ±10 V hazitapitisha zaidi ya 20 mA hata upande wa pili ukiwa hauna resista, na ukiwa nayo ni 10. Pini ya Pico isitoke nje moja kwa moja, hata kwa taa. Na andika kwenye kava kwa rangi mbili, ya kuingiza na ya kutoa, maana hao watu wako nimeshawaelewa.